NILIKWENDA KUTAZAMA MPIRA, NIKARUDI NA SHAURI LA MAYAI

Mtu akifika katika ofisi yetu ya kilimo hapa Meru, hunikuta mimi kwanza. Mimi si Bwana Shamba. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika majina, kutunza mafaili na kumwambia mtu angoje. Lakini kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia kazi hii, wakulima wengi huniita mwalimu, na mwalimu huulizwa maswali.

Mwanzo wa mwezi wa Oktoba, mwaka 2024, mama mmoja wa huku Kinoru aliingia ofisini akiwa na daftari la shule mkononi. Tulisalimiana, akaketi, akalifungua daftari lake juu ya meza yangu.

"Mwalimu," akasema, "mlituambia tufuge kuku. Nimefuga. Mlituambia tuandike hesabu. Nimeandika. Sasa niambie, mayai haya niyapeleke wapi?"

Niliitazama hesabu yake mstari kwa mstari. Alikuwa na kuku 60 wa mayai, na siku ya kawaida walitaga mayai 40. Kuku mmoja alikula kama gramu 130 za chakula kwa siku, kwa hiyo gunia la kilo 70 lilikwisha kwa siku 9. Gunia hilo alilinunua kwa shilingi 3,500. Katika siku hizo 9 alipata mayai 360, yaani trei 12. Mchuuzi aliyekuja nyumbani kwake na pikipiki alimlipa shilingi 280 kwa trei, jumla shilingi 3,360. Basi mama huyu alikuwa akipoteza shilingi 140 kila gunia lilipokwisha, hata kabla ya kuhesabu dawa, maji na jasho lake mwenyewe.

Tena fedha za kuanzia alikuwa amezikopa katika chama cha akina mama, na siku ya kumaliza deni ilikuwa mwisho wa Novemba.

"Nikikosa njia nitawauza wote wachinjwe," akasema. "Siwezi kupita mbele ya wenzangu na deni."

Bwana Shamba alikuwa safarini. Niliandika swali lake katika kitabu, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu la kumpa. Na Jumamosi iliyofuata mimi mwenyewe nilipanda basi kwenda Kampala kutazama mpira.

MPIRA WA NYUMBANI, UWANJA WA UGENINI

Pengine msomaji atauliza kwa nini mtu wa Kinoru, ambaye ana uwanja mkubwa mlangoni pake, asafiri zaidi ya kilomita 800 kutazama timu ya Kenya ikicheza mechi ya nyumbani. Hilo nami nilijiuliza njia nzima.

Sisi watu wa Kinoru twaujua uwanja wetu. Mwaka 2017 ilitazamiwa kwamba mechi za mashindano ya CHAN ya mwaka 2018 zingechezwa hapa kwetu. Lakini matayarisho ya Kenya yalichelewa, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika likaiondolea Kenya nafasi ile, na mashindano yakapelekwa Morocco. Tarehe 1 Juni, 2018, sikukuu ya Madaraka ya taifa zima iliadhimishwa katika uwanja huo huo. Hata hivyo, ilipofika mwaka 2024, wakati Kenya ilipokuwa ikitafuta nafasi katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2025, hapakuwa na uwanja hata mmoja nchini uliokubaliwa kwa mechi hizo. Basi Kenya ilipopangiwa kuikaribisha Cameroon tarehe 14 Oktoba, iliikaribisha katika Uwanja wa Mandela, pale Namboole, nje kidogo ya Kampala, nchini Uganda.

Kenya na Uganda ni watani wa zamani katika mpira. Zilianza kushindania Kombe la Gossage mwaka 1926, na mashindano yale ndiyo yaliyokua mpaka yakawa haya ya CECAFA tunayoyajua. Safari hii, lakini, Waganda walitupa uwanja wao, nasi tukaenda kama mtu anayeazima sebule ya jirani apate kupokea wageni wake mwenyewe.

Niliomba ruhusa kazini, nikaondoka. Kutoka Meru mpaka Nairobi, kisha usiku kucha katika basi kubwa mpaka mpakani Busia, na asubuhi tukauvuka Mto Nile pale Jinja kwa daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018. Jirani yangu katika basi alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa nguo, mwenye kuijua njia hiyo sana.

"Kijana," akaniambia, "ukifika Kampala usirudi kwenu bila Rolex."

Nikamjibu kwamba mshahara wa karani haununui saa ya namna hiyo. Mzee alicheka mpaka abiria wa mbele wakageuka.

"Si saa ya mkononi," akasema. "Ni chapati na mayai. Ni chakula. Waganda walisema kwa Kiingereza 'mayai yaliyoviringishwa', na kwa kusema upesi upesi likatoka jina la ile saa. Siku hizi mgeni asiyeila huambiwa hajafika."

ROLEX YA KWANZA

Siku ya mechi nilifika Namboole mapema. Nje ya uwanja kulikuwa na wachuuzi wengi, na mmoja wao alikuwa akiita, "Rolex! Rolex!" Nikasema moyoni, basi bahati imenijia upesi. Nikatoa fedha, nikapewa kitu kimefungwa katika karatasi.

Msomaji, nilikata tamaa. Chapati ilikuwa imepikwa tangu asubuhi, ngumu na ya baridi. Yai lilikuwa moja, jembamba kama karatasi yenyewe. Kabichi ilikuwa imenyauka. Nilikula nusu, nikajiambia kwamba kama hii ndiyo sifa ya Kampala, basi mji huu una bahati ya kusifiwa bure.

Mpira nao haukunifariji. Siku tatu kabla yake, huko Yaoundé, Cameroon ilikuwa imetufunga mabao 4 kwa 1. Pale Namboole vijana wetu walicheza kwa bidii zaidi, lakini wageni wakapata bao moja, na bao hilo likatosha. Kwa ushindi huo Cameroon ikapata nafasi yake katika mashindano ya Morocco. Wakenya tulitoka kimya, bendera zimekunjwa kwapani.

Nikiwa njiani kutoka uwanjani nilikutana tena na yule mzee wa nguo. Nikamweleza kwamba Rolex nimeila na sikuona ajabu yake.

"Umeila wapi?"

"Mlangoni pa uwanja."

"Basi hujaila," akasema. "Chakula cha mlangoni pa uwanja hupikwa kwa watu wasiorudi. Nenda Wandegeya kesho asubuhi. Pale anapikia watu wale wale kila siku."

Maneno hayo niliyafikiri usiku ule nyumbani kwa wageni nilikolala.

WANDEGEYA ASUBUHI

Wandegeya ni mtaa ulio chini ya kilima cha Makerere, penye Chuo Kikuu. Watu wengi husimulia kwamba ndipo Rolex ilipopatia sifa yake, kwa sababu wanafunzi walitaka chakula cha bei ndogo, chenye kushibisha, kinachoweza kuliwa huku mtu akienda darasani. Husimuliwa pia kwamba waliotangulia kuipika walikuwa wauza chapati waliotoka Busoga, upande wa mashariki ya Nile.

Chapati yenyewe ililetwa Afrika ya Mashariki na Wahindi. Wengi wao waliletwa kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Wajenzi wengine walirudi kwao, wengine wakabaki, na chapati ikabaki pamoja nao. Leo hakuna nyumba ya Kimeru isiyoijua chapati siku ya Krismasi. Hata huko Durban, Afrika ya Kusini, Wahindi waliweka mchuzi wao ndani ya mkate uliochimbwa katikati, na chakula hicho sasa ndicho sifa ya mji ule. Philadelphia kule Marekani nao wanasifiwa kwa mkate wao wenye vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe. Ukitazama, karibu kila mji wenye chakula chake ulianza na vitu vya kawaida na mtu mmoja mwenye moto barabarani.

Nilimkuta mpishi wangu saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa kijana wa Busoga, na bahati njema alipata kufanya kazi Kenya miaka michache, kwa hiyo Kiswahili alikijua. Mbele yake palikuwa na jiko la makaa, na juu yake bamba zito la chuma la mviringo. Kushoto palikuwa na madonge ya unga yaliyofunikwa kwa kitambaa. Kulia palikuwa na trei za mayai, na bakuli lenye kabichi, nyanya na vitunguu vilivyokatwa vyembamba sana.

"Amagi ameka, ssebo?" akaniuliza. Yaani, mayai mangapi, bwana?

"Mawili."

Nikasimama kutazama kama mwanafunzi. Kwanza alichukua donge, akalisukuma kwa kifimbo, akaitupa chapati juu ya chuma chenye mafuta kidogo. Ilipopata madoa ya rangi ya kahawia pande zote mbili aliiweka ukingoni ikae na joto. Kisha akavunja mayai mawili, moja moja, katika kikombe. Akatia chumvi, kabichi, kitunguu na nyanya, akapiga kwa uma mpaka vikachanganyika, akamimina juu ya chuma na kutandaza mpaka ikawa na upana wa chapati. Yai lilipoanza kushika aliilaza chapati juu yake, akabonyeza kwa kiganja, akageuza yote kwa pamoja. Mwisho akaweka vipande vya nyanya mbichi, akaviringisha kama mkeka, akafunga katika karatasi.

Kazi hiyo yote haikufika dakika tano. Nililipa shilingi 3,000 za Uganda, ambazo ni kama shilingi mia moja na kidogo za kwetu.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee. Chapati ilikuwa laini yenye moto, yai limeiva mpaka ndani na limeshikamana nayo, kabichi bado ina ukali wake kidogo chini ya meno. Nikala yote nikiwa nimesimama. Tena nikaagiza ya pili, si kwa njaa, bali nipate kisa cha kuendelea kusimama pale.

MAMA WA MAYAI

Maana mimi sasa nilikuwa nikihesabu trei.

"Bwana," nikamwuliza, "kwa siku moja watumia mayai mangapi?"

"Wanafunzi wakiwapo, trei nne, pengine tano," akajibu bila kuacha kupiga mayai. "Wakienda likizo, mbili."

Trei tano ni mayai 150. Mama yule wa Kinoru hupata 40. Kijana huyu mmoja, mwenye jiko moja na mwavuli mmoja, angeweza kumaliza mayai ya akina mama watatu kama yeye na bado akataka zaidi. Na kutoka pale niliposimama niliona wauzaji wengine watatu.

Nikamwuliza mayai anayapata wapi. Akaniambia kwamba kuna mama mmoja wa kutoka vijiji vya Wakiso ambaye humletea kila alfajiri kwa pikipiki.

"Ndiye mwenye bei ndogo kuliko wote?"

"La. Wako wenye bei ndogo kuliko yeye." Akafuta mikono. "Lakini huyu hakosi. Mvua ikinyesha, yuko. Yai likiwa na ufa, amelitoa mwenyewe kabla sijaliona. Mimi nikikosa mayai siku moja, mteja wangu huenda kwa yule pale, na kesho hatarudi. Yai moja bovu likiingia katika kikombe, ndiyo maana navunja moja moja, harufu yake huwafukuza watu kumi."

Kumbe hilo ndilo lililotupungukia kwetu. Sisi ofisini tulikuwa tumemfundisha mama kufuga. Mchuuzi wa pikipiki alikuwa amemfundisha kungoja. Hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kumtafuta mtu mmoja mwenye jiko, akapatana naye trei moja kila siku, wote wawili wakashikana.

Waganda wamekwisha kuiona thamani ya jambo hili. Mwaka 2016 walifanya tamasha ya Rolex mjini Kampala, na wakuu wa utalii wa nchi ile wakaanza kuitangaza kwa wageni pamoja na vivutio vyao vingine. Mwezi wa Novemba mwaka 2021, kijana mmoja wa huko aitwaye Raymond Kahuma na wenzake walipika Rolex moja yenye uzito wa kilo 204.6, ikaandikwa katika kitabu cha Guinness kuwa kubwa kuliko zote duniani. Ndani yake waliweka mayai 1,200. Kwa kuku wa mama yetu hiyo ni kazi ya siku 30.

Wakati nikirudi katika basi niliandika nyuma ya tiketi yangu vitu vyote nilivyoviona katika bakuli la kijana yule: unga wa ngano, mayai, kabichi, nyanya, vitunguu. Kisha mbele ya kila kimoja nikaandika mahali. Ngano, Timau. Kabichi, Kibirichia. Nyanya, Mitunguu. Vitunguu, Buuri. Mayai, Kinoru. Hapakuwa na kitu cha kuagiza mbali isipokuwa mafuta. Nikakumbuka uwanja wetu na mechi tuliyokwenda kuichezea kwa jirani, nikaona kwamba hata katika mayai tumekuwa vivyo hivyo: kitu tunacho, ila hatujakitengeneza kikawa tayari.

TULIVYOJARIBU KINORU

Mama alirudi siku niliyomwambia. Nilimweleza habari zote, naye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mimi ni mama wa kuku. Kukaa barabarani na moto siwezi."

"Si lazima ukae wewe," nikamwambia. "Yuko kijana auzaye chai na chapati kando ya barabara ya kwenda uwanjani. Jiko analo. Chapati anazijua. Lililobaki ni mayai."

Bwana Shamba alipopata habari alikubali, ila akanikumbusha kwamba karani wa serikali hafanyi biashara. Kazi yangu ni kuwakutanisha tu. Nikawakutanisha.

Siku ya kwanza, Jumamosi, haikuwa njema. Kijana alitoza shilingi 100 kwa Rolex ya mayai mawili. Watu walisimama, wakatazama, wakauliza ni nini, wakanunua chapati kavu kama walivyozoea. Tatu ziliungua kwa sababu moto ulikuwa mkali mno. Mchana mvua ikanyesha. Kati ya Rolex 15 zinazotoka katika trei moja aliuza 6. Jioni mama alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Wiki iliyofuata kijana alibadili mambo matatu. Alipunguza makaa, akasukuma chapati nyembamba zaidi, na bei akaifanya shilingi 80. Akaanza pia kupika alfajiri, wakati wa watu kwenda kazini. Hesabu yake ya trei moja ilikuwa hivi: mayai, shilingi 340, unga, 120, mafuta, 150, kabichi, nyanya na vitunguu, 150, makaa, 100, chumvi na karatasi, 40. Jumla ni shilingi 900. Rolex 15 kwa shilingi 80 ni shilingi 1,200. Kwa hiyo alibakiwa na shilingi 300, mbali na faida ya chai ambayo mteja huinywa pamoja na chakula.

Msomaji atazame hapo bei ya mayai. Mchuuzi alilipa 280; kijana alilipa 340, na bado alipata faida. Kwa mama, trei 12 za gunia moja kwa bei hiyo ni shilingi 4,080. Toa 3,500 za chakula, zabaki 580. Si utajiri. Lakini mtu aliyekuwa akishuka sasa anapanda.

Katikati ya Novemba kijana alikuwa akichukua trei moja kila siku, hazidi hapo. Kinoru si Wandegeya, na wanafunzi elfu nyingi hatuna. Kwa hiyo mama alikata shauri mwenyewe. Aliwauza kuku 20, waliokuwa wakitaga kidogo kuliko wengine, akamaliza deni lililobaki siku ile ile iliyopangwa, akabaki na kuku 40. Hao humpa mayai 27 hivi kwa siku, karibu trei nzima, na trei hiyo ina mwenyewe kabla haijatagwa. Hatukuwaokoa kuku wote, lakini banda halikufungwa.

MASHAURI KWA WENYE KUKU NA WENYE MAJIKO

Kwa wale wa Meru, Embu na kwingineko watakaopenda kujaribu, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Kabla ya kuongeza kuku, tafuta kwanza mnunuzi. Hesabu mayai anayoyahitaji kwa siku, ndipo uhesabu kuku.

2. Okota mayai mara mbili au tatu kwa siku, uyaweke mahali pa baridi penye kivuli, ncha nyembamba ikitazama chini. Lenye ufa usimpelekee mtu.

3. Ukiwa na shaka, liweke yai katika bakuli la maji. Likilala chini ni jipya. Likisimama limekaa siku nyingi. Likielea litupe.

4. Kideri huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Mwone afisa wa mifugo akupangie siku za chanjo, wala usingoje mpaka kuku wa jirani wafe.

5. Mpishi aoshe kabichi na nyanya kwa maji safi, avunje mayai moja moja katika kikombe, na asimpe mtu yai lisiloiva, kwa maana vijidudu vya maradhi ya tumbo hukaa katika yai bichi.

6. Patana bei ya mwezi mzima, si ya siku moja. Mwenye kuku asiuze kwingine mayai yakipanda, wala mwenye jiko asinunue kwingine yakishuka.

7. Andika hesabu. Bila lile daftari la shule hakuna kati yetu ambaye angejua kwamba mama alikuwa akipoteza shilingi 140.

Mwezi wa Januari, mwaka 2025, mama alifika tena ofisini. Nilidhani amekuja na taabu mpya, lakini alikuwa amekuja kuuliza habari za chanjo. Alipomaliza kuandikiwa jina lake akasimama mlangoni.

"Na ule mpira, mwalimu? Sikukuuliza. Mlishinda?"

"Hatukushinda, mama."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akatoa mayai mawili katika kikapu chake akayaweka juu ya meza yangu. Nikamwambia asante, lakini mimi ni karani wa serikali, siwezi kuyapokea.

"Vema," akasema, akiyarudisha kikapuni. "Basi pita kwa yule kijana kesho asubuhi. Utayakuta hapo kwa shilingi themanini."